Leseni Yenye Nyota: Tathmini ya REAL ID kwa Anayejali Faragha Yake

Tathmini hii inahusu leseni ya udereva ya Marekani ya aina ya REAL ID, ile yenye nyota kwenye kona ya juu, pamoja na huduma ya kuipata katika ofisi ya leseni, ambayo wengi wetu tunaiita DMV hata katika majimbo ambako jina lake ni jingine. Ninayo mwenyewe, na mara nyingi nimewasindikiza wazee na akina mama wa jumuiya yetu, wengi wao Wakongomani waliopitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, nikiwa mkalimani wao mbele ya karani. Maelezo tunayopeana kwa Kiswahili kuhusu kadi hii kwa kawaida huishia kwenye orodha ya karatasi za kubeba. Hayasemi kadi inachukua nini kwako, vitu hivyo vinakaa wapi na kwa muda gani, wala mahakama za Marekani zilijibu nini pale watu waliposimama na kudai kwamba sheria za vitambulisho vya udereva zinavunja faragha wanayolindiwa na Katiba. Mimi naona hayo ndiyo ya kwanza kuyajua, kwa sababu kadi huisha muda wake na kubadilishwa, ilhali nakala za karatasi ulizotoa siku ile zinabaki mikononi mwa watu wengine.

Naitanguliza hukumu yangu. Kama kitambulisho cha kupandia ndege za ndani, REAL ID inafanya kazi yake vizuri, na makarani niliokutana nao wengi ni watu wa heshima wanaofuata kanuni ambazo hawakuzitunga wao. Lakini mfumo ulio nyuma ya kadi unachukua mengi kuliko yanayohitajika kujua kama mtu anaweza kuendesha gari, unayahifadhi kwa miaka mingi, na ulinzi wake una matundu. Mwenye pasipoti halali au kadi ya kijani, ile ya ukaaji wa kudumu, hapotezi chochote cha maana kwa kubaki na leseni ya kawaida isiyo na nyota. Nitaeleza nilivyofika hapo, na nitakaa zaidi kwenye mahakama, maana humo ndimo anamoweza kujifunza mahali pa kusimama na mahali ambapo kusimama hakumsaidii.

Sheria ya REAL ID ilitiwa saini na Rais George W. Bush tarehe 11 Mei 2005. Haikupita kama muswada unaojitegemea. Ilibandikwa ndani ya muswada wa dharura wa fedha za vita na misaada ya tsunami, ile tsunami ya Desemba 2004 iliyofika hadi pwani za Somalia, Kenya na Tanzania, na si rahisi mbunge kupinga fedha za namna hiyo kwa sababu ya kipengele cha leseni. Hoja iliyotolewa ilikuwa nzito: tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001 ilikuta kwamba watekaji wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepata kitambulisho cha aina fulani cha Marekani, na ikapendekeza serikali kuu iweke viwango vya utoaji wa vitambulisho. Siibezi hoja hiyo. Watu wa Nairobi na Dar es Salaam waliouguza na kuzika jamaa zao baada ya balozi za Marekani kulipuliwa Agosti 7, 1998 hawahitaji kufundishwa uzito wa ugaidi. Hata hivyo majimbo mengi hayakuridhika. Bunge la Maine lilipitisha azimio la kukataa Januari 2007, Montana ikatunga sheria ya kukataa mwaka huo huo, na mengine yakafuata kwa sababu za gharama, za mamlaka ya majimbo na za faragha. Tarehe ya kwanza ya utekelezaji ilikuwa Mei 2008. Ikasogezwa tena na tena mpaka viwanja vya ndege vilipoanza kuitekeleza Mei 7, 2025, karibu miaka 20 kamili baada ya saini ile.

Sasa tuje kwenye kaunta. Picha hupigwa mwanzoni, kabla karani hajamaliza kupitia karatasi zako, na wengi hudhani hiyo ni hatua ndogo ya kawaida. Kanuni zilizotolewa Januari 2008 zinataka picha hiyo ya uso ihifadhiwe kwa miaka isiyopungua mitano hata kama mwombaji hakupewa kadi, na kwa aliyepewa, ikae miaka miwili zaidi baada ya kadi kuisha muda. Kisha hutolewa hati ya kuthibitisha wewe ni nani na umezaliwa lini, hati ya kuthibitisha kwamba upo nchini kihalali, uthibitisho wa namba ya soshali, yaani namba ya hifadhi ya jamii, na karatasi mbili za kuonyesha unakoishi. Hati hizo hunakiliwa, na nakala za kielektroniki hutakiwa kukaa kwa miaka isiyopungua 10. Juu ya hayo, sheria inalitaka kila jimbo liyape majimbo mengine yote njia ya kielektroniki ya kufikia hifadhidata yake ya madereva. Taarifa za udereva ulizomkabidhi karani mmoja wa mji wako zinaweza kufikiwa na mfumo wa nchi nzima.

Kwa watu wetu, tatizo la kwanza ni majina na tarehe. Kadi inadai jina kamili la kisheria, lile lile katika kila karatasi, na Mkongomani aliyeandikishwa kambini anaweza kuwa na jina la ukoo limetangulia kwenye hati ya uhamiaji, likaja mwisho kwenye soshali, na kukosekana kabisa kwenye mkataba wa nyumba. Tarehe ya kuzaliwa ya wengi imeandikwa Januari 1 kwa sababu aliyewaandikisha hakuwa na nyingine. Nilimsindikiza mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akifanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama, mbali na njia yoyote ya basi, ambaye alikuwa amekwisha kufaulu mtihani wa barabarani. Karani alipanga karatasi zake mezani, akaona majina hayafuatani, akaomba hati ya kuyaunganisha. Mama akaniinamia akasema, "Mwanangu, mimi nimekuja kuonyesha kwamba najua kuendesha. Mbona wanataka mkataba wa nyumba yangu?" Nikamjibu, "Mama, kadi yenye nyota ndiyo inayotaka hayo yote. Ipo nyingine isiyo na nyota." Hakuwa amewahi kusikia kwamba ipo nyingine. Hakuna bango lililomwambia, wala fomu aliyopewa haikuwa imeandikwa kwa lugha anayoisoma, na ofisi ilikuwa imeanza moja kwa moja na ile yenye masharti mazito. Hilo naliandika kama dosari kubwa ya huduma, kwa sababu ridhaa ya mtu asiyejua kwamba ana hiari si ridhaa.

Kadi yenyewe ni imara, haifubai kirahisi, na alama zake za usalama ni ngumu kughushi. Tatizo liko nyuma yake. Ule msimbopau mpana ulio nyuma hubeba jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, urefu, rangi ya macho na namba ya leseni, na wakati kanuni za 2008 zinaandikwa, serikali iliamua kutolazimisha taarifa hizo zifungwe kwa siri. Mtu yeyote mwenye kisomeo cha bei nafuu au programu ya simu anaweza kuusoma. Nilipokwenda kurudisha pasi ya umeme katika duka moja kubwa, mhudumu aliichukua leseni yangu, akaigeuza, akaipitisha kwenye mashine kabla sijauliza kwa nini. Risiti nilikuwa nayo mkononi. Nilipouliza ni nini kimehifadhiwa, alisema kwa unyenyekevu kabisa kwamba hajui, na namwamini. New Jersey ilipitisha sheria mwaka 2017 inayowabana wenye maduka kuhusu sababu zinazowaruhusu kuskani leseni na taarifa wanazoweza kubaki nazo. Katika majimbo mengi, mteja hana kinga ya namna hiyo.

Je, mtu anaweza kwenda mahakamani? Watu wamekwenda, na kwa miaka mingi. Katiba ya Marekani haitaji faragha kwa jina. Wanaoidai huitafuta katika Marekebisho ya Nne, yanayokataza upekuzi usio na sababu, na katika dhana ya uhuru iliyomo kwenye Marekebisho ya Kumi na Nne. Mwaka 1977, katika kesi ya Whalen dhidi ya Roe iliyohusu kompyuta za New York zilizokusanya majina ya wagonjwa walioandikiwa dawa fulani, Mahakama ya Juu ilikiri kwamba mrundikano wa taarifa za watu katika hifadhi za serikali ni tishio kwa faragha, kisha ikauacha mpango ule uendelee kwa kuwa ulikuwa na ulinzi wa kutosha dhidi ya uvujaji. Anayesoma hukumu za leseni zilizofuata atakutana na msimamo kama huo mara kwa mara: jaji anaitambua hofu ya mlalamikaji, halafu anauliza tu kama serikali ina sababu ya kuridhisha, na sababu ya usalama barabarani huwa haikosekani.

Kesi ambayo ningependa kila dereva wa Kiswahili aijue ni ya Perkey dhidi ya idara ya magari ya California, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo mwaka 1986. California ilikuwa imeanza kumtaka kila mwombaji wa leseni atoe alama ya kidole. Bi Perkey alikataa, akanyimwa leseni, akaishtaki idara. Alikuwa na silaha ambayo Wamarekani wengi hawana, kwa sababu tangu 1972 Katiba ya California inaitaja faragha waziwazi miongoni mwa haki za asili za kila mtu. Idara ilijibu kwamba alama ya kidole humzuia aliyenyang'anywa leseni asirudi kwa jina jingine na kuchukua mpya. Mahakama ilikubaliana na idara kwenye jambo hilo: sharti la alama lina uhusiano wa kuridhisha na usalama wa barabara, kwa hiyo ni halali, na Bi Perkey asingepata leseni bila kukitoa kidole chake. Wengi wanaosimulia kesi hii huishia hapo na kusema alishindwa.

Lakini hukumu ina nusu ya pili. Ilikuwa imeonekana kwamba idara ilikuwa tayari kuzitoa alama hizo kwa watu wa nje wasiohusika na udereva, na mahakama ikasema hapana: sheria ya jimbo kuhusu taarifa binafsi, ikisomwa pamoja na haki ya faragha iliyomo kwenye Katiba, haimruhusu aliyepewa alama kwa ajili ya leseni kuzigawa kwa shughuli nyingine. Nimeirudia nusu hiyo mara nyingi, kwa sababu inatenganisha maswali mawili ambayo sisi huyachanganya. La kwanza ni nini serikali inaweza kukudai kaunta. La pili ni taarifa hiyo inaweza kwenda wapi ikishatoka mikononi mwako. Kwenye la kwanza, mahakama za Marekani zimekuwa zikiipa serikali ushindi karibu kila mara. Kwenye la pili, mwananchi amekuwa na nguvu, na nguvu hiyo imeongezeka kila bunge lilipotunga sheria ya kuitegemea.

Tazama yaliyompata John Gilmore, mhandisi wa programu na mmoja wa waanzilishi wa Electronic Frontier Foundation, shirika linalotetea haki za watu mtandaoni. Tarehe 4 Julai 2002, sikukuu ya uhuru wa nchi hiyo, alikwenda kupanda ndege kuelekea Washington akakataa kuonyesha kitambulisho, akaomba aonyeshwe sheria inayomlazimisha. Hakuonyeshwa, kwa sababu agizo lenyewe lilikuwa la siri. Kesi ilipofika mahakama ya rufaa ya serikali kuu ya eneo la tisa, majaji walilisoma agizo hilo faraghani bila Gilmore kuliona, kisha Januari 2006 wakaamua kwamba haki yake haikuvunjwa: angeweza kukubali upekuzi wa kina zaidi badala ya kitambulisho, angeweza kutumia usafiri mwingine, na Katiba haimhakikishii mtu aina fulani ya usafiri. Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa yake mwaka uliofuata. Binafsi naona hoja ya kwamba mtu ana njia nyingine inadhoofika sana inapohamishwa kutoka uwanja wa ndege hadi maisha ya mtu wa kawaida. Mama wa kiwanda cha nyama hana basi, hana treni, na bila leseni hana kazi. Kumwambia kwamba leseni ni fadhila anayoichagua kwa hiari yake, na kwamba akichukizwa na masharti aiache, ni kumwambia aache mshahara. Majaji wanaoandika hukumu hizo wanaishi katika nchi hiyo hiyo iliyojenga miji isiyoweza kukaliwa bila gari, na sijaelewa kwa nini jambo hilo halipewi uzito.

Wanawake wa pwani wanaovaa hijabu huniuliza kuhusu picha, kwa hiyo nalitaja kwa ufupi. Hijabu inaruhusiwa mradi uso wote uonekane. Nikabu hairuhusiwi, na jambo hilo lilipiganiwa Florida, ambako Sultaana Freeman alifutiwa leseni yake baada ya Septemba 11 alipokataa kupiga picha mpya akiwa amefunua uso. Alishindwa mahakamani mwaka 2003, na rufaa yake ikakataliwa mwaka 2006. Kabla yake, Frances Quaring wa Nebraska, Mpentekoste aliyeona picha kuwa ni sanamu iliyokatazwa na Amri za Mungu, alikuwa ameshinda. Mahakama ya Juu iligawanyika nne kwa nne mwaka 1985, na mgawanyiko huo ukauacha ushindi wake usimame. Hizo zilikuwa kesi za dini kuliko za faragha.

Barabarani mambo ni mazuri zaidi, na hapa nataka msomaji ajue haki zake bila kuogopa. Mwaka 1979, katika kesi ya Delaware dhidi ya Prouse, Mahakama ya Juu iliamua kwamba askari hawezi kumsimamisha dereva mmoja mmoja kwa matakwa yake ili tu akague leseni, bila shaka yoyote ya msingi kwamba kuna kosa. Ukisimamishwa kwa sababu halali, leseni lazima uionyeshe. Kwa mtembea kwa miguu, Edward Lawson, Mmarekani mweusi aliyependa kutembea San Diego akasimamishwa mara zipatazo 15 kati ya 1975 na 1977, aliiangusha sheria ya California iliyomtaka mtu aonyeshe kitambulisho "cha kuaminika", kwa kuwa sheria haikueleza ni kipi kinachotosha na iliacha yote mikononi mwa askari. Hiyo ilikuwa 1983. Ushindi huo ulipunguzwa mwaka 2004 katika kesi ya Larry Hiibel wa Nevada, aliyeombwa ajitambulishe mara 11 kando ya barabara, akakataa, akatozwa dola 250. Majaji watano dhidi ya wanne walisema jimbo linaweza kumlazimisha mtu anayeshukiwa kwa msingi kutaja jina lake. Kutaja jina, lakini si kutoa karatasi: sheria ya Nevada haikudai leseni, na hukumu iliutegemea ukweli huo.

Narudi kwenye swali la taarifa inakokwenda, kwa sababu ndiko ulinzi wa kweli ulipo. Mwaka 1989 mwigizaji kijana Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake Los Angeles na mtu ambaye, kupitia mpelelezi wa kulipwa, alikuwa amepata anwani yake kutoka rekodi za idara ya magari ya California. Miaka mitano baadaye Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kulinda faragha ya madereva, inayolikataza jimbo kutoa taarifa binafsi zilizomo kwenye rekodi za leseni isipokuwa kwa matumizi yaliyotajwa. Yaliporekebishwa baadhi ya masharti yake, picha, namba ya soshali na taarifa za ulemavu au matibabu zikawekewa ulinzi mkubwa zaidi, na matangazo ya biashara yakahitaji ridhaa ya wazi ya mwenye leseni. South Carolina iliipinga sheria hii ikisema serikali kuu inaingilia mamlaka yake. Mwaka 2000, katika kesi ya Reno dhidi ya Condon, majaji wote tisa waliikataa hoja hiyo, wakaiona taarifa ya dereva kuwa bidhaa inayouzwa sokoni, na kwa hiyo Bunge linaweza kuidhibiti. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba mawakili hawawezi kuchota majina kwenye rekodi hizo ili kutafuta wateja. Mtu ambaye taarifa zake zimetumiwa kinyume cha sheria anaweza kudai fidia isiyopungua dola 2,500, na hiyo ndiyo sehemu ya mfumo huu ninayoipa alama za juu bila kusita.

Matundu yake ni yale matumizi yaliyoruhusiwa, ambayo yanafika 14. Kampuni za bima zimo, wapelelezi wa kibinafsi wenye leseni wamo mradi wawe na sababu mojawapo iliyotajwa, na vyombo vya dola vimo kwa upana mkubwa. Tundu la mwisho ndilo linalonikosesha amani. Watafiti wa kitivo cha sheria cha Georgetown walionyesha mwaka 2016 kwamba takriban nusu ya watu wazima wa Marekani, zaidi ya watu milioni 117, sura zao zimo katika mitandao ya utambuzi wa sura ya polisi, nyingi zikitoka kwenye picha za leseni. Mwaka 2022 walieleza kwamba idara ya uhamiaji, ICE, ilikuwa imepitisha kwenye mashine hizo picha za leseni za karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu. Hapa ndipo hukumu ya Perkey ingestahili kusomwa upya. Mtu aliyepigwa picha ili polisi wa barabarani wamtambue hakukubali kusimamishwa kwenye gwaride la utambulisho kila siku bila yeye kujua, na hakuna jaji aliyemwuliza. New York ilichukua hatua mwaka 2019 kwa sheria inayowapa leseni ya kawaida wakazi bila kujali hali yao ya uhamiaji na kuizuia idara kuwapa maafisa wa uhamiaji rekodi hizo bila amri ya mahakama. Hatua ya namna hiyo inamlinda dereva kuliko kesi nyingi za katiba nilizozitaja.

Wasomaji wenzangu wa Kenya watakumbuka kwamba kwetu mahakama ilithubutu kwenda mbali zaidi. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inamlinda mtu dhidi ya kutakiwa kutoa taarifa za familia au za mambo yake binafsi pasipo lazima, na ulinzi huo unagusa udaiwaji wenyewe kabla ya kufika kwenye ufichuaji. Katika kesi ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumsajili kila mtu kwa namba moja, majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Nairobi waliamua Januari 30, 2020 kwamba ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali mtu alipo kwa setilaiti haukubaliki, na kwamba mfumo uliobaki usiendelee bila sheria kamili ya kuulinda. Oktoba 2021 jaji mwingine akabatilisha utoaji wa kadi zenyewe kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa taarifa za watu, kama inavyotakiwa na sheria ya 2019. Walioanzisha kesi ile ya kwanza walikuwa Wanubi, watu ambao kwa vizazi wamesumbuliwa kupata vitambulisho, na waliona mapema kwamba kila sharti jipya la karatasi humwangukia kwanza yule ambaye karatasi zake zina kasoro. Ndivyo nilivyoona pia kwenye kaunta ya Marekani.

Basi nani aichukue? Mwenye pasipoti halali ya nchi yoyote anaweza kuitumia kupanda ndege za ndani, na hata kadi ya kijani na kadi ya kibali cha kazi zinakubaliwa na TSA, idara ya ukaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege. Mtu huyo achukue leseni ya kawaida, ile iliyoandikwa kwamba si kwa matumizi ya serikali kuu. Kwa kawaida itamwezesha kuendesha kama ile nyingine. Anayesafiri mara kwa mara na hana hati nyingine yoyote ataihitaji REAL ID, maana tangu Februari 1, 2026 anayefika uwanjani bila kitambulisho kinachokubalika hutakiwa kulipa dola 45 ili TSA ijaribu kumthibitisha, na malipo hayo hudumu kwa siku 10 tu. Katika majimbo yenye leseni ya kwenye simu, nimependa kwamba inaweza kuonyesha umri pekee bila anwani, lakini simu yenyewe usimkabidhi askari. Mwonyeshe skrini ukiwa umeishika. Mwenye ombi la hifadhi ambalo halijaamuliwa ajue kwamba kadi yake yenye nyota hutolewa kwa muda wa kibali chake tu, na pale kibali kisipokuwa na mwisho unaojulikana, kwa mwaka mmoja. Kila anaporudi kuihuisha anaweza kupigwa picha upya na karatasi zake kunakiliwa upya. Kwa mtu huyo kadi ya kibali cha kazi inatosha uwanjani, na kabla hajaweka hati yoyote mezani amwambie karani kwamba ameifuata leseni ya kawaida.